Mgawaji wa Anwani: Jinsi Mitambo ya Redio Inavyopata Nambari Zake

Jambo ninalotaka kulieleza katika gazeti letu la muhula huu ni dogo kwa sura, lakini lina maana kubwa kwetu sisi tukaao chini ya Mlima Hanang. Nalo ni hili: chombo cha redio kikiisha fungwa juu ya mlingoti na kutiwa umeme, hupata wapi anwani yake, na ni nani anayeijua anwani hiyo siku ya shida?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno redio. Sisemi ile ya kusikilizia taarifa ya habari na mpira peke yake. Chombo cho chote kinachotuma au kupokea habari kwa mawimbi, pasipo waya, ni redio: zile antena nyeupe zilizofungwa juu ya mapaa ya ofisi, simu ya upepo ya askari, kipimo cha mvua kinachopeleka hesabu yake mjini chenyewe, hata simu ya mkononi ya mzazi asomaye makala haya. Siku hizi vyombo hivyo vikiunganishwa katika mtandao hupelekeana habari kwa vifurushi vidogo vidogo, na juu ya kila kifurushi huandikwa kinakotoka na kinakokwenda, kama bahasha ya posta. Maandishi hayo ya juu ya bahasha ndiyo yaitwayo anwani ya IP.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi, kwa maana vituo vya redio vilikuwa vichache na kila kimoja kilipewa jina na serikali mara moja tu. Katika siku za ukoloni kituo cha mtu binafsi mwenye leseni ya redio katika Tanganyika kilikuwa na jina lianzalo na VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5, na Unguja VQ1. Leo majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya na 5Z, na ya Uganda na 5X. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya Madaktari wa Ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Muda si mrefu hospitali nyingi za mbali zikawa zinaongea na Nairobi kwa simu ya upepo. Mtu aliita kituo kwa jina lake, na kituo kikaitika. Jina halikubadilika mvua iliponyesha, wala halikubadilika mtambo ulipozimwa na kuwashwa tena. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana nitalirudia.

Anwani ya IP ya namna ya zamani, ambayo ndiyo itumikayo zaidi katika mitandao midogo, ni nambari nne zilizotengwa kwa nukta, kama 192.168.10.25. Kila moja yaweza kuwa 0 hata 255, yaani hesabu 256. Zidisha 256 kwa 256, mara nne, utapata 4,294,967,296. Mtu akiitazama hesabu hiyo huona ni nyingi kupita kiasi, lakini hazikutosha. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho kwa ofisi tano za mabara. Ofisi ya Afrika huitwa AFRINIC, nayo iko Morisi. Wenye redio za kujifunzia walikuwa na bahati: mwaka 1981 walitengewa fungu zima la anwani zianzazo na 44, zaidi ya milioni 16, kwa ombi la Hank Magnuski wa Marekani. Robo ya fungu hilo iliuzwa kwa kampuni ya Amazon mwaka 2019. Basi tusidhani nambari ni kitu cha bure. Sisi wengine twatumia anwani za ndani, zilizotengwa kwa ajili ya watu wote, kama zile zianzazo na 10 au na 192.168, ambazo shule hii yaweza kuzitumia na shule ya Mbulu ikazitumia pia bila kugombana, kama vile kila bweni lina kitanda nambari 1.

Sasa, nani aandike nambari hizo ndani ya vyombo? Njia ya kwanza ni mtu kuziandika kwa mkono, chombo kimoja kimoja. Vyombo vikiwa vitano si kitu. Vikiwa themanini, mtu huchoka, daftari hupotea, fundi wa kwanza huhamishwa, na wa pili humpa mtambo mpya nambari ambayo mwingine anayo tayari. Hapo vyombo viwili huitikia jina moja na habari huvurugika. Mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore walitoa kanuni iitwayo BOOTP, ambayo kwayo chombo kiliweza kuuliza nambari yake mtandaoni, lakini kwa kawaida msimamizi ilimpasa akiorodheshe kwanza. Mwezi wa Oktoba 1993 ilitolewa kanuni iliyoipita, iliyoandikwa na Ralph Droms, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, nayo ikatengenezwa upya Machi 1997. Ndiyo ijulikanayo kwa herufi nne, DHCP. Karibu kila simu na kompyuta duniani yaitumia, ijapokuwa wenye simu wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Wote twaujua mnada. Mgeni aliyekuja na robota lake la mitumba, asiyejua mahali pa kutandaza turubai, hupaza sauti: "Jamani, mgawaji wa nafasi ni nani?" Hasemi na mtu mmoja; asema na mnada mzima, kwa sababu hamjui mtu. Mgawaji husikia, akajibu: "Ni mimi. Ipo nafasi ya 37, pale karibu na mti." Mgeni hutamka tena kwa sauti: "Haya, naomba hiyo ya 37." Ndipo mgawaji aandikapo katika daftari lake na kusema: "Basi, ni yako hata jioni." DHCP ni maneno hayo manne, wala si zaidi. Chombo kisicho na anwani hujiandika 0.0.0.0, yaani "sina jina bado," na bahasha yake hukipeleka kwa 255.255.255.255, maana yake "kwenu nyote." Mtu aweza kuuliza, mbona mgeni arudie kuomba nafasi aliyokwisha ahidiwa? Ni kwa sababu huenda wagawaji ni wawili na wote wamemjibu. Akitaja kwa sauti ile aliyoichagua, yule mwingine hufuta ahadi yake. Pamoja na nafasi, mgawaji humwonyesha mgeni lango la kutokea nje ya mtandao na mahali pa kuulizia majina. Mgawaji huyu si mtu, bali ni programu iliyomo ndani ya kompyuta au ruta, nayo huitwa seva.

Mgawaji humtambuaje mgeni? Kila chombo cha redio hutoka kiwandani na nambari ndefu iitwayo MAC, yenye jozi sita za tarakimu na herufi. Ni kama chapa ya ng'ombe: mnyama aweza kuhamia zizi jingine, lakini chapa haihami.

Jambo lenye akili katika kanuni hii ni yale maneno "hata jioni." Anwani haitolewi moja kwa moja, hukodishwa. Tuseme muda wa kukodi ni saa 24. Nusu ya muda ikipita, yaani baada ya saa 12, chombo humwendea mgawaji yule yule kumwomba amwongezee. Akimkosa, huendelea na kazi. Sehemu saba katika nane zikiisha, yaani baada ya saa 21, huanza kupaza sauti kwa mgawaji ye yote aliye hai. Saa 24 zikitimia bila jibu, yakipasa kiiache anwani na kuanza upya kama mgeni. Kwa njia hiyo nambari za walioondoka hurudi mfukoni mwa mgawaji bila mtu kuzikusanya.

Urefu wa muda huo si jambo la kuchagua ovyo. Fikirini siku ya wazazi. Mgawaji ana nambari kutoka 192.168.10.100 hadi 192.168.10.199, nazo ni mia moja barabara. Wageni 130 wanakuja kwa zamu, kila mmoja akikaa saa moja na simu yake kisha akaenda zake. Ikiwa muda ni saa 24, wageni 30 wa mwisho watakosa nambari, ijapokuwa uwanja umebaki karibu mtupu, kwa maana daftari bado lawahesabu walioondoka asubuhi. Muda ungekuwa saa moja, nafasi zingerudi upesi na hakuna ambaye angekosa kwa siku nzima.

Hata hapa nimeisifu kanuni hii, nayo yastahili sifa. Lakini simu ya mkononi na redio ya mlingotini zaachana njia mahali pamoja, na hili ndilo nililokusudia kusema tangu mwanzo. Simu ni mtafutaji. Ndiyo inayoanza kuita, na anayeitwa hujibu kwa anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Leo yaweza kuwa ya 37 na kesho ya 112, hakuna adhara. Redio iliyofungwa mlimani, kinyume chake, mara nyingi ni mtafutwaji. Fundi aliye mjini huitafuta aitazame afya yake; kompyuta ya ofisi huitafuta iisome hesabu. Mtafutwaji akihama bila kuaga, hapatikani, hata kama ni mzima. Mfano mzuri ni vituo vya kupokeza sauti vya simu za upepo za siku hizi, vinavyounganishwa kwa mtandao ili askari wa wilaya moja aongee na wa wilaya nyingine. Katika mipango mingi ya namna hiyo kituo kimoja huwa mkubwa, na vingine vyote hujitambulisha kwake kila vikiwaka. Hivyo vidogo vyaweza kupata anwani ya kukodi. Mkubwa hapana, anwani yake imeandikwa ndani ya wenzake wote, naye akihama wanabaki yatima.

Sisi wa Gendabi tuna sababu yetu ya kulifikiri jambo hili. Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na Gendabi ikiwa kimojawapo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Barabara zilifungwa na tope. Sisemi kwamba mtambo fulani siku ile uliponza watu kwa sababu ya anwani. Nasema tu kwamba mlima huu wa zaidi ya mita 3,400 bado uko juu yetu, na kwamba mtu mwenye akili akiutazama huwaza vipimo vya mvua vilivyowekwa mitelemkoni, vyenye redio ndogo za kupeleka habari Katesh usiku kucha. Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyo vituo vya kujipimia vyenyewe katika nchi yetu, na mitandao ya vijijini si ndoto: mkoani Mara, katika miaka ya 2000, wilaya za Bunda na Serengeti ziliunganishwa kwa msaada wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na chuo kikuu cha KTH cha Sweden, kwa kutumia nyaya za nuru za TANESCO.

Basi tuseme kipimo kama hicho kipo juu ya Gendabi, nacho hupata anwani ya kukodi. Usiku wa mvua kubwa umeme unakatika kila mahali, kisha unarudi. Redio ndogo huamka upesi, kwa kuwa haina mengi ya kukumbuka. Kompyuta ya mgawaji huko mjini hukawia. Redio yapaza sauti, "Mgawaji ni nani?" na mnada uko kimya. Itafanya nini? Hapo mitambo hutofautiana. Mingine huendelea kuuliza mpaka ijibiwe, na hiyo ndiyo bora. Mingine hujichagulia yenyewe anwani ianzayo na 169.254, kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 2005, ambayo yatosha kuongea na jirani aliye katika kipande kile kile cha mtandao lakini haivuki lango. Mingine tena huirudia anwani ya kiwandani, ambayo ni sawa na ya kila mtambo wa aina ile. Taa yake ni ya kijani. Yapima mvua sawasawa, na betri imejaa. Lakini Katesh yaitafuta kwa anwani ya jana, na hakuna aitikaye. Hapana budi mtu apande mlima gizani, kwa njia iliyojaa tope, ili akakiguse chombo ambacho hakina ugonjwa wo wote.

Dawa zipo. Ya kwanza ni ile ya kuandika kwa mkono, nayo kwa redio za njia kuu, zile ambazo zikikatika kijiji kizima hukatika, naiona ndiyo yenye nguvu, maadamu nambari hizo ziwe nje ya fungu la mgawaji. Akigawa kutoka 100 hadi 199, mitambo ya mlingotini na ikae chini ya 50. Ya pili ni kumwagiza mgawaji aitazame chapa: "Mwenye MAC hii akija, saa yo yote, mpe 192.168.10.61 na si nyingine, wala nafasi hiyo usimpe mwingine." Huku ni kuweka akiba. Redio bado huuliza kama mgeni, lakini jibu ni moja daima, na fundi aweza kubadili mambo yote akiwa mezani kwake. Udhaifu wake ni mmoja: radi ikiua redio, ile mpya huja na chapa nyingine, na mtu asipokumbuka kuirekebisha orodha, mgeni huyo hatapewa ile nafasi ya akiba. Kwa vipimo vya mvua na vyombo vya mwisho wa njia ningechagua akiba. Kwa simu za wageni, kukodi kwa muda mfupi. Wako mafundi wasemao kila kitu kiandikwe kwa mkono. Nadhani hawajapata kuandika themanini.

Mgawaji naye asiwe maskini kuliko wale anaowagawia. Si haki redio ziwe na betri na umeme wa jua, halafu yeye ategemee soketi ya ofisini ambayo mfagizi huichomoa. Wakiwa wawili ni vyema zaidi, mradi wawe na daftari moja au wagawane nambari, maana wagawaji wawili wasiopatana ni balaa. Hutokea mtu akaleta ruta ndogo ya nyumbani na kuichomeka katika waya wa shule apate nafasi ya ziada. Ruta hiyo nayo ni mgawaji, nayo huanza kujibu wageni kwa nambari zake na kuwaonyesha lango lisilotokea po pote. Nusu ya darasa hupata mtandao na nusu hukosa, na wote humlaumu fundi. Ikitokea hivyo, tazama lango ambalo kompyuta iliyokosa imeonyeshwa. Huyo ndiye mgawaji wa uongo.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu nchi yenye milima kama yetu. Ile sauti ya "kwenu nyote" haivuki ruta. Ikiwa Gendabi ina ruta yake na mgawaji yuko Katesh, kilio cha mgeni kitaishia Gendabi. Kwa hiyo ruta ya kijijini hupewa kazi ya balozi wa nyumba kumi: husikia ombi, huliandika juu yake "latoka kwangu," hulipeleka kwa mgawaji, kisha humrudishia mgeni jibu. Kwa ile alama ya balozi mgawaji hujua ampe nambari ya fungu la kijiji gani.

Kwa wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne wapendao hesabu, jaribuni hii. Redio imekodi anwani kwa saa 8, kuanzia saa 2 asubuhi. Umeme wa mgawaji peke yake umekatika saa 5 asubuhi, akawa hai tena saa 9 na nusu alasiri. Je, redio iliipoteza anwani yake? Saa 6 mchana iliomba nyongeza, haikujibiwa, ikaendelea na kazi. Saa 9 ilipaza sauti kwa wote, ikanyamaziwa; lakini huendelea kurudia mpaka saa 10, na mgawaji aliamka kabla ya hapo, kwa hiyo haikuipoteza. Sasa badilisheni neno moja tu: semeni kwamba umeme ulikatika kwa redio pia, nayo ni ya namna isiyohifadhi anwani yake ikizimwa, kisha ikawaka saa 9 na robo. Andikeni yatakayotokea dakika kwa dakika hadi saa 10, kwanza kwa redio yenye akiba katika daftari la mgawaji, kisha kwa ile iliyoandikwa kwa mkono.